“Unafuata nini humo majini?” Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuogelea baharini

Kila Jumapili asubuhi napita na taulo begani kuelekea Kigamboni, na kila Jumapili kuna mtu ananiuliza jambo: dereva wa bodaboda, jirani anayefagia uwanja, shangazi kwenye simu. Wengine huuliza kwa kunicheka, wengine kwa sauti ya chini kwa sababu wanataka kuja. Maswali mengi nimeyajibu mara nyingi kiasi kwamba majibu yamejipanga yenyewe, ndiyo haya. Mepesi yametangulia. Yale ya hatari yako mwishoni, na kama leo unapeleka watoto ufukweni, anzia huko.

## Mvuto wenyewe

Kwa nini mtu akae majini saa nzima na wala haendi popote?

Kwa sababu anabebwa. Tangu unaamka asubuhi unaubeba mwili wako mwenyewe: magoti, kiuno, nyayo, shingo iliyoshikilia kichwa cha kilo nne na ushei. Ukiingia majini hadi kiunoni, karibu nusu ya mzigo huo unapokewa. Ukifika shingoni, miguu inabaki na kama sehemu moja ya kumi tu. Kitanda hakifanyi hivyo. Kitanda hukushika pale mgongo unapogusa godoro. Maji hukushika kila mahali kwa wakati mmoja.

Halafu maji yanakubana, taratibu, pande zote. Damu iliyokuwa imetuama miguuni inarudishwa kifuani, moyo unajaa vizuri, unapiga bila haraka. Ukitia uso majini, hasa yakiwa ya baridi, mapigo hupungua zaidi. Hiyo ni kawaida ya mwili wa binadamu, na sili na nyangumi wanayo pia kwa kiwango kikubwa kuliko sisi.

La tatu ni pumzi. Nchi kavu unapumua bila kufikiri. Majini unapumua kwa zamu: toa, geuka, vuta. Huwezi kuwaza kodi ya nyumba huku unahesabu pumzi. Nimejaribu, nikanywa maji.

Mtu mzima habebwi na mtu. Akiwa mtoto alibebwa mgongoni, akifa atabebwa kwenye jeneza, katikati hapo ni yeye na magoti yake. Kwa hiyo wakiniuliza nafuata nini, nawajibu kwamba nafuata kubebwa.

Basi si ni kuoga tu? Kuoga na kuogelea kuna tofauti gani?

Kwa lugha yetu, tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kuogelea kumezaliwa na kuoga (kwetu tunasema koga), kama kuendelea kulivyozaliwa na kwenda: neno limerefushwa, na kitendo nacho kimerefushwa. Anayeogelea ni mtu aliyeoga akaendelea.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoona kuogelea ni mchezo wa kigeni ulioletwa na hoteli. Kule Makunduchi, Unguja, kila Julai, watu husherehekea Mwaka Kogwa, na “kogwa” hiyo ni koga hiyohiyo. Wazee wa pwani waliukaribisha mwaka mpya kwa kwenda kuoga baharini. Na jioni yoyote ukipita Forodhani, Mji Mkongwe, utawaona vijana wakijirusha kutoka ukutani kwa sarakasi. Hakuna aliyewalipia kocha.

Mbona nikitoka baharini nasikia njaa, usingizi na haja ndogo, vyote kwa pamoja?

Haja ndogo ni matokeo ya ule mbano niliousema hapo juu. Damu inapojaa kifuani, mwili hudhani una maji ya ziada, figo zinaambiwa zipunguze. Kwa hiyo nenda msalani kwanza, na kunywa maji baadaye hata kama huna kiu.

Njaa na usingizi vinatokana zaidi na joto unalopoteza. Maji hunyonya joto la mwili haraka kama mara 25 kuliko hewa. Hata bahari yetu, ambayo mwaka mzima huwa kati ya nyuzi 25 na 30 hivi, bado ina baridi kuliko damu yako. Saa nzima humo ndani mwili unachoma kuni. Mihogo ya kukaanga ya ufukweni haikuwekwa pale kwa bahati.

Chini ya maji kuna kimya, lakini nasikia mlio kama mafuta yanayokaanga. Ni masikio yangu?

Masikio yako ni mazima. Karibu na miamba ya matumbawe kuna uduvi wadogo wanaofyatua gando moja kwa nguvu, na wakiwa maelfu mlio wao ni huo wa kikaangoni. Huwezi kujua unatokea wapi kwa sababu ndani ya maji sauti husafiri zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, inafika masikio yote mawili karibu sawia, ubongo unashindwa kupima upande. Ndiyo maana unausikia kama uko ndani ya kichwa chako. Mimi napenda sana mlio huo.

Je, binadamu aliumbwa kuishi majini?

Yapo maelezo ya kuvutia kwamba mababu zetu walipitia kipindi cha kuishi majini, na kwamba ndiyo sababu hatuna manyoya. Alister Hardy, mwanazuoni wa bahari wa Uingereza, aliyatangaza mwaka 1960. Wataalamu wengi wa asili ya binadamu hawayakubali, kwa kuwa mifupa ya kale haiyaungi mkono.

Tulichonacho kwa hakika ni kidogo zaidi. Mtoto mchanga akizamishwa hubana pumzi bila kufundishwa, lakini hilo halimfanyi mwogeleaji, na tafadhali usilijaribu. Na watu wakiishi majini vizazi na vizazi, mwili hufuata. Wabajau wa Indonesia, wapiga mbizi wa jadi, walipopimwa walikutwa na wengu mkubwa kwa takriban nusu kuliko wa majirani zao wa bara, na wengu ndiyo ghala la damu yenye oksijeni. Utafiti huo ulitangazwa mwaka 2018.

## Kujifunza ukubwani

Nina miaka 50. Si nimechelewa?

Hujachelewa. Mimi nilijifunza nikiwa na miaka 34, na kwenye kundi letu mimi ni mtoto. Watu wazima hujifunza haraka kuliko wanavyotarajia kwa sababu wanasikiliza. Kinachowachelewesha ni aibu.

Ukiona aibu, mkumbuke Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta. Alianza kujifunza kuogelea miezi michache tu kabla ya Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000, na hakuwa ameliona bwawa la mita 50 mpaka alipofika huko. Wenzake wawili wa kundi lake walianza kabla ya wakati wakaondolewa, akaogelea peke yake mita 100 mbele ya uwanja mzima, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72, zaidi ya mara mbili ya muda wa mabingwa, huku watu wamesimama wanampigia makofi. Wewe utaangaliwa na mimi na muuza madafu.

Nianze na nini?

Kuelea. Usianze na mikono, wala na miguu, wala na kupiga mbizi. Simama kwenye maji ya kiunoni, mwenzio akushike chini ya mabega, lala chali, masikio ndani ya maji, tumbo juu, vuta pumzi uibane kidogo. Utaona kifua kinapanda chenyewe. Toa pumzi, utashuka kidogo. Vuta, utapanda. Siku hiyo usifanye jingine.

Walimu wengi huanza na mapigo ya mikono kwa sababu yanaonekana ndiyo kuogelea. Nilifundishwa hivyo mara ya kwanza, na mwalimu aliyekuwa akipiga filimbi. Nikatoka na imani kwamba maji ni adui anayepigwa ngumi. Ilinichukua miaka miwili kurudi. Anayejua kuelea anaweza kupumzika popote, na anayeweza kupumzika haogopi. Mikono atajifunza kwa mchezo.

Mimi nazama tu kama jiwe. Kuna watu wasioelea?

Wapo wanaoelea kwa shida, hasa wanaume wembamba wenye misuli, kwa kuwa misuli na mifupa ni mizito kuliko maji na mafuta ni mepesi. Hata hao, mapafu yakijaa, wengi hubaki juu. Kinachowatisha ni miguu kushuka. Iache ishuke, au nyoosha mikono nyuma ya kichwa ndani ya maji ili mwili usawazike kama mizani.

Baharini una nafuu. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kama gramu 25 zaidi ya lita ya maji baridi (yasiyo na chumvi), hivyo mtu wa kilo 65 anapata msukumo wa zaidi ya kilo moja na nusu ya bure. Wengi walioshindwa bwawani wameelea kwetu siku ya kwanza.

Nimesikia watu weusi mifupa yao ni mizito, hawawezi kuogelea.

Hili huulizwa na watu weusi wenyewe, na huniumiza. Tofauti za mifupa kati ya mtu na mtu ni ndogo mno kumzuia yeyote kuelea. Anthony Nesty wa Suriname alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 100 mtindo wa kipepeo mwaka 1988. Simone Manuel wa Marekani alitwaa ya mita 100 mtindo huru mwaka 2016. Mkenya Jason Dunford aliingia fainali ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 akawa wa tano. Mabaharia wa Ulaya waliofika Afrika Magharibi karne kadhaa zilizopita waliandika kwa mshangao jinsi wenyeji walivyoogelea kuliko wao. Kilichokuja kukosekana ni mabwawa, walimu na ruhusa ya kuyatumia, na huko Marekani ruhusa hiyo ilinyimwa kwa sheria. Mifupa imesingiziwa.

Bwawa au bahari?

Kuelea, bahari tulivu. Kurekebisha mtindo, bwawa, maana unaona chini na hakuna wimbi. Na kama bwawa linanuka klorini hadi macho yanawasha, usidhani ni safi sana: harufu ile kali hutokea klorini inapokutana na jasho na mkojo wa waliotangulia.

## Wanawake, mavazi na ibada

Nimezaliwa pwani, mama yangu yuko majini kila siku. Mbona sisi hatujui kuogelea?

Nimekulia Jambiani, Unguja, kwa hiyo najibu kama mwenyeji. Maji yakipwa kule upande wa mashariki yanakwenda mbali sana, unaweza kutembea zaidi ya kilomita moja kabla hayajakufika magotini. Mama zetu wameishi kwenye uwanja huo: kuokota chaza, kuchokoa pweza, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kulima mwani. Maji yakianza kujaa wanarudi. Bahari ni shamba, na shambani huendi kulala chali.

Mwanamke wa aina hiyo anaweza kufanya kazi baharini miaka 30 bila kuingia kina cha kifuani. Watoto wa kiume walijifunza kwa kuruka kutoka kwenye ngalawa. Sisi tulikuwa tunarudishwa nyumbani tulichote maji mengine.

Sasa mambo yanabadilika kwa lazima. Joto la maji mafupi limekuwa likiua kotonii, mwani wenye bei nzuri, na wakulima wanashauriwa kupanda kwenye kina kirefu. Kumwambia mwanamke asiyejua kuogelea ahamie kwenye kina, bila kumfundisha, ni kumtuma mtu juu ya mnazi bila kumwonesha pa kuweka mguu. Huko kaskazini, Nungwi na jirani, Mradi wa Panje umekuwa ukifundisha wasichana kuogelea na kuokoa, na picha zao zimeonekana duniani. Ningependa kuona na mama zao humo.

Nivae nini? Mimi ni mwanamke ninayejisitiri.

Vazi la kuogelea lenye suruali, kanzu fupi na kofia, la kitambaa kisichonyonya maji. Usiingie na baibui wala dera: likilowa linakuwa zito, linajizungusha miguuni, na mawimbi yanalipandisha usoni. Ukikosa vazi maalumu, suruali ya kubana na fulana ya michezo ya mikono mirefu vinatosha. Wapo wanaokwenda saa kumi na mbili asubuhi, wanawake peke yao bila wanaume, na kwa kweli hiyo ndiyo saa nzuri kuliko zote.

Na nywele?

Lowesha kwa maji ya bomba na upake mafuta kabla ya kuingia. Nywele zilizoshiba hazinyonyi chumvi nyingi. Suka mistari. Ukitoka suuza. Kofia za kawaida hazitoshi kwa rasta wala nywele nyingi, lakini kubwa zipo. Mwaka 2021 shirikisho la kimataifa la kuogelea lilikataa kofia hizo zisitumike mashindanoni, watu wakapiga kelele, na mwaka uliofuata zikaruhusiwa.

Nikiwa kwenye hedhi?

Unaweza, kwa tamponi au kikombe. Pedi hazifai, zinavimba. Papa hawatakufuata, hilo nalo huulizwa.

Ramadhani?

Kuogelea kwenyewe, kwa wanavyuoni wengi, hakufunguzi. Kumeza maji ndiko tatizo, na anayejifunza humeza. Sisi hupumzika mwezi huo, au tunaingia baada ya futari pale bwawa la ndani likipatikana. Kwa fatwa, muulize sheikh wako.

## Bahari yenyewe

Niende saa ngapi?

Uliza mwezi kwanza. Karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti yake kwetu hufika kama mita nne. Siku hizo maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu saa nne. Kila siku inayofuata saa inasogea mbele kama dakika 50. Kati ya bamvua na bamvua ni maji mafu, tofauti ni ndogo na mkondo ni mpole, ndiyo majuma mazuri kwa anayeanza.

Ingia maji yakikaribia kujaa. Yanakusukuma kuja pwani, si kukutoa. Ukichelewa ukayakuta yanatoka, kaa kwenye kina cha kiunoni.

Nikibebwa na mkondo nifanye nini?

Usishindane nao, utachoka kabla haujachoka. Elea chali kwanza (ndiyo sababu tulianza nako). Kisha ogelea sambamba na ufukwe, si kuelekea ufukweni, mpaka utoke kwenye njia yake. Mikondo mingi ni myembamba. Inua mkono juu kuomba msaada.

Pwani yetu ina mtego wake. Miamba iko mbele, na ndani yake maji hutulia kama bwawa. Yakianza kupwa, yote hayo hutafuta pa kutokea, na pa kutokea ni milango kati ya miamba. Hapo mkondo huwa mkali hata siku isiyo na wimbi. Muulize mvuvi milango iko wapi, atakuonesha kwa kidole.

Viumbe je?

Papa ndio huogopwa, ila anayekuumiza kweli ni kiumbe mdogo mweusi wa miiba mirefu anayekaa kwenye miamba. Vaa viatu vya mpira. Ukichomwa, wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi kisha husubiri miiba ilainike. Usiichimbe kwa sindano chafu.

Samaki aitwaye taa hujifukia mchangani, basi tembea kwa kuburuta nyayo ili akusikie akimbie. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyastahimili, halafu nenda hospitali. Yavuyavu, yule laini kama uteute, akikugusa, suuza kwa maji ya bahari, ondoa nyuzi zake kwa kitu chembamba, usisugue, na usikubali mtu akukojolee.

Naishi Mwanza. Haya yote yananihusu?

Ya kuelea, ndiyo, ingawa maji baridi yanabeba kidogo pungufu. Lakini ziwa lina mambo yake. Kichocho huenezwa na konokono wa maji baridi, hasa kwenye kingo zenye majani na maji yaliyotulia, baharini hakipo. Ukiingia ziwani mara kwa mara, pima na utumie dawa ya prazikwanteli kama utakavyoelekezwa kliniki. Mamba na viboko, sikiliza wenyeji na usibishane nao.

## Mwili na afya

Magoti yananiuma, daktari kaniambia nipunguze uzito. Kutembea siwezi.

Tembea majini, ya kifuani. Sababu iko kwenye swali la kwanza kabisa: miguu haibebi, lakini misuli inafanya kazi dhidi ya maji. Mama mmoja kwenye kundi letu hutembea tu, kwenda na kurudi, anapiga soga. Mwaka wa tatu sasa. Kuogelea hataki kusikia.

Wajawazito pia hupata nafuu ya mgongo, mimba isiyo na tatizo na kwa idhini ya mkunga. Ukiona maji au damu inatoka, usiingie.

Nani asiingie kabisa, au asiingie peke yake?

Mwenye kifafa asiingie bila mtu mwenye nguvu anayejua hali yake, awe mkono mmoja tu kutoka kwake. Degedege nchi kavu ni jambo moja, majini ni jingine. Mwenye selimundu akae mbali na maji ya baridi na asitetemeke hata kidogo, maana baridi huweza kuamsha maumivu. Mwenye kidonda kibichi asubiri. Aliyekunywa pombe abaki kivulini na wenzake.

Kwa nini vidole hukunjamana?

Si kwa kunyonya maji. Ni mishipa ya fahamu inayofinya mishipa ya damu. Kidole kilichokatika mishipa ya fahamu hakikunjamani. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walikuta watu wenye vidole vilivyokunjamana wanashika gololi zilizolowa kwa wepesi zaidi. Mfano wa matairi ya gari.

## Hatari

Nitajuaje kwamba mtu anazama?

Hutamsikia. Anayezama kweli hapigi kelele wala hapungi mkono. Kinywa kinaibuka na kuzama, hana nafasi ya kuvuta hewa sembuse kuita. Kichwa kimelala nyuma, macho yametoka, mikono inabonyeza maji pembeni kama anayepanda ngazi isiyoonekana. Hali hiyo huchukua chini ya dakika moja. Mtoto aliyekuwa akipiga makelele akanyamaza ghafla, mtazame.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, wengi wao katika nchi maskini. Kwa hiyo mtazamaji mmoja awe na kazi ya kutazama tu, bila simu.

Nimwokoe vipi kama sijui kuogelea vizuri?

Usimfuate. Mfa maji haachi kutapatapa, na atakutapatapia wewe. Mrushie kitu. Dumu tupu la lita tano lenye kifuniko kilichokazwa linatosha kumshikilia mtu mzima kichwa kikiwa juu, kwa kuwa ndani ya maji uzito unaobaki ni kilo chache tu. La lita 20 litawabeba watu kadhaa. Funga kamba ukiweza. Kanga mbili zilizofungwa pamoja nazo ni kamba. Sisi hatuingii majini bila madumu mawili ya njano ufukweni, na hatujali yanavyoonekana kwenye picha.

Vijana wanashindana kukaa chini ya maji. Kuna ubaya?

Upo, hasa kama kabla ya kuzama wanapumua harakaharaka mara nyingi. Hilo haliongezi oksijeni ya maana. Linaondoa kaboni dayoksaidi, ambayo ndiyo hukuambia “panda, vuta hewa”. Mtu anazimia bila kuhisi shida yoyote, na waogeleaji hodari ndio hufa hivi. Pumzi mbili tatu za kawaida, na mwenzio juu akikutazama.

Kujua kuogelea kungewaokoa waliokuwa melini?

Swali hili hurudi kila ajali inapotokea: MV Bukoba Mei 1996, Spice Islander Septemba 2011, MV Nyerere Septemba 2018. Sipendi kulijibu kwa haraka, kwa sababu linaweza kusikika kama lawama kwa marehemu. Meli iliyojazwa kupita kiasi ikipinduka, walio ndani hunaswa, na mwogeleaji hodari hunaswa nao. Wa kuulizwa kwanza ni aliyejaza meli na asiyekagua majaketi ya kuokolea.

Lakini MV Nyerere ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa gati la Ukara, na wapo wa Spice Islander waliopona kwa kung'ang'ania magodoro usiku kucha. Kwa anayebahatika kutoka nje, kujua kulala chali na kungoja kuna uzito wake.

Baba yangu ni mvuvi miaka 40. Anajua kuogelea, lakini ukimwambia twende ufukweni tukajipumzishe anakasirika. Kwa nini?

Wangu ni mjomba. Nilipomwalika mara ya kwanza aliniangalia kama nimemtukana, akasema, “Mwanangu, mimi nimetoka huko sasa hivi.” Kwake majini ni kazini, na ameshawahi kumtafuta mwenzake siku tatu asimpate. Sikumwalika tena.

Mwaka jana alikuja Dar kutibiwa kiuno. Jumapili akatufuata Kigamboni, akakaa juu ya dumu, kanzu ameipandisha magotini, anatukosoa. Maji yalikuwa yanajaa. Yakamfika nyayo, akasogeza dumu nyuma. Yakamfika tena, hakusogea. Tulipotoka tulimkuta ameketi ndani ya maji ya kifuani na kofia yake kichwani, amefumba macho, na dumu limeelea kando yake. Nikamuuliza kama twende. Akasema bado.